Nafasi ya Mwenza ni Moja

Michenzani,
Jumatatu, 5 Mei 2025

Mama Ummy,

Salamu zangu ukizitia kwenye mizani, gari ya Mmanga itapasua springi kabla haijafika Jambiani. Barua hii anakuletea yeye Mmanga, akishamaliza kuuza pweza wake sokoni Darajani. Nimeibandika gundi mara mbili, maana yule bwana husoma hata risiti ya dawa ya mtu.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ya mama yako, hapo anapokuuguza, imekufa sikio, imebaki kipaza. Siku ile nilipokuuliza habari za damu, alonijibu ni mtu wa nyuma ya ua: "Afadhali leo, Ubwa, tunamshukuru Mungu." Tumbo la mke wangu si taarifa ya habari.

Sasa kaa kitako. Nshakusajili! Mie Ubwa Mcha, nilotengeneza mafriji ya meli kutoka Dubai mpaka Hamburg, nimeupiga mwereka huu mtandao wa bima ya serikali, Siha Mkononi, ulowashinda wasomi. Hapa mjini hakuna mazungumzo mengine. Walizindua bima yao kwa ngoma na suti, na mgeni rasmi alipobonyeza tu, mtandao ukalala. Ukiufungua unaona kiduara kinazunguka kama pia, kinazunguka mpaka simu inashikwa na homa. Jengo letu limegawika kwa ngazi. Wa chini wanasema pesa zimeliwa. Wa kati wanasema wameingia wadukuzi. Wa juu kabisa, ambao hata maji hayawafikii, wanasema ni makusudi ili tufe kwanza ndio tuhudumiwe. Watoto wameshautungia wimbo: "Siha mkononi, roho mdomoni!" Na redioni kaja bwana mmoja mwenye sauti ya pamba, ati "changamoto ndogo ndogo za kimfumo".

Mie nikawaambia, seva ni friji lenye akili, likikosa baridi linapotewa na akili. Nikenda mwenyewe ofisini kwao na mkoba wangu. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, una miadi?" Nikamwambia, "Miadi sina, nna gesi." Akanitoa.

Alonisaidia ni Rukaiya, yule binti mwenye duka la fotokopi chini ya jengo letu. Mtoto yule ana vidole vyepesi, maashallah, na huruma juu yake. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanipa chai ya iliki, mpaka mtandao ulipozinduka usingizini. Unajua mie kusoma nasoma, niliacha Form Two kwa sababu mwalimu alinionea wivu, lakini zile herufi za kwenye kioo ndogo kama mayai ya chawa.

Utakuja ujumbe kwenye simu ya mama. Ujibu moja, wanakuingiza kwenye bima yangu ya kazini. Ujibu mbili, wanakutoa. Ukumbuke maneno ya daktari: uvimbe hausubiri, lakini siku ya kupasuliwa hakupi mpaka kadi iwe hai. Baharini usiingie, mwani waokote wengine. Na Ummy usimwambie kitu, yumo kwenye mitihani ya chuo kikuu Tunguu.

Mpe mama shikamoo yangu, ile kubwa.

Mumeo,
Ubwa Mcha, Fundi wa Baridi wa Kimataifa

*

Jambiani,
Alkhamisi, 8 Mei 2025

Baba Ummy,

Barua imefika, gundi imefika, na ujumbe nao umefika. Nimeusoma mwenyewe, sikumpa mtu. Nikausoma tena kwa kuwa nilidhani macho yana kiwi.

Nimejibu mbili.

Hicho ulonisajilia mie sikitaki. Sababu unaijua, na kama huijui basi muulize huyo mwenye vidole vyepesi akusomee vizuri. Mambo mengine, Baba Ummy, mtu huambiwa kwa mdomo na mumewe, haletewi kwenye simu ya mama yake.

Chai ya iliki naamini ilikuwa na sukari ya kutosha.

Mama kaitikia marahaba.

Mize binti Mkubwa

*

Michenzani,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama Ummy,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa Rukaiya naye aisome, akanirudishia haraka kama kashika pasi ya moto. Akafungua mashine. Tukaona sote wawili: MWENZA AMEKATAA. Kwa wino mwekundu! Na nyuma yangu kuna foleni ya watu. Mzee mmoja akasema, "Pole, bwana, hata kwa bure kakukataa?"

Mie nimeona mengi. Niliwahi kunyimwa viza na mtu alokuwa akila chakula changu. Lakini hili sikulitegemea. Nimekufanyia nini? Umeumwa tangu Ramadhani, nakwambia upasuliwe upone, unasema hutaki, sababu naijua. Siijui! Na mwanamke akikataa kitu cha bure basi nyuma ya pazia kuna mtu. Ni mama? Kasema nini mama? Au ni yule mpima ardhi wa Makunduchi alokuposa kabla yangu, bado anapita pita na ile tepu yake? Mmanga naye nilipomuuliza hali yako kanijibu "yupo", akatazama pembeni. "Yupo" gani hiyo? Hata mwizi yupo.

Jana walifanya mkutano wa wananchi ukumbini kuhusu mtandao. Yule bwana wa sauti ya pamba alikuja kwa mwili wake. Kasema shamba kusini wanawake wanakataa kwa wingi, na wataalamu wamegundua sababu ni minara hafifu. Watu wakapiga kelele. Mama mmoja kasema mnara hauna mikono ya kubonyeza mbili. Mwengine kasema wanakataa kwa sababu wamesikia ukishaingia wanakukata pesa ya mwani wako. Mie nikainuka nikawaeleza habari ya seva na baridi. Nilipigiwa makofi. Kuna waliosema "kaa chini, fundi", lakini hao walikuwa nyuma.

Basi sikiliza. Mume mwenye akili hamwachi mkewe afe kwa ukaidi. Nimefanya la utu uzima. Usiniulize nimefanya nini wala vipi. Kadi ipo hai, nimeiona kwa macho yangu. Weye jitayarishe tu kuja mjini.

Na yule mpima ardhi mwambie nnamsalimu.

Ubwa Mcha

*

Jambiani,
Ijumaa, 16 Mei 2025

Baba Ummy,

Mpima ardhi kafa mwaka juzi, Mungu amrehemu. Ulikwenda kumzika na ukala pilau yake.

Nakwambia yalotokea, kisha nitakuuliza jambo moja, nawe unijibu bila ya Hamburg.

Ule ujumbe ulisema hivi: "Umesajiliwa kuwa MWENZA wa Ubwa Mcha. Jibu 1 kukubali, 2 kukataa." Sasa mie mke wako wa ujanani, leo naambiwa nimesajiliwa mwenza. Mwenza si mke mwenza? Na mkononi nna barua yako: kiti chake mwenyewe, chai ya iliki, vidole, maashallah. Ungekuwa mie ungebonyeza ngapi?

Nikanyamaza na langu. Kumbe kila nyumba ina lake. Bi Fathiya, ambaye mumewe hana hata pesa ya kumuoa yeye mwenyewe mara ya pili, kamtolea bwana godoro uani na mvua inanyesha. Wenziwe wa kikundi cha mwani walipoliona godoro wakamuuliza, akawatolea simu. "Mwenza? Na mie!" "Na mie!" Basi tukatoka wote, na khanga zetu za kazi, mpaka kwa sheha Kificho, serikali yetu ya hapa kijijini. Tunataka majina ya hao wake. Sheha kajifungia chooni. Wakeze wawili ndio walotupokea, na wao hawakushangaa kitu, wenyewe ni wenza tangu zamani. Ila mdogo alikuwa na kilio chake: mtandao umemkataa, ati nafasi ya mwenza ni moja tu. Tukamwambia, mtandao huu nani kauleta asojua kama hapa Unguja?

Jumatano ofisi yao ikamleta binti mmoja kavaa kizibao cha rangi ya ndimu. Akatwambia kwa upole, "Mama zangu, mwenza ni mke, au mume. Neno moja kwa wote wawili. Ni Kiswahili sanifu." Bi Badria akamjibu, "Mwanangu, hicho sanifu kimetoka hapa kwetu. Hatukukituma kiende kikarudi na mke wa pili." Binti akacheka mpaka akaombwa akae.

Nikacheka na mie. Kisha nikaona haya, nikasema nitakuandikia nikutake radhi. Nikashika simu ya mama nikajibu moja.

Ukarudi ujumbe: "Nafasi ya mwenza imeshajazwa."

Imejazwa na nani, Baba Ummy?

Nilimpa yule binti simu atazame. Kasema, "Mama, bwana ana mwenza mwengine kathibitishwa wiki hii. Jina siruhusiwi kukutajia." Mbele ya kikundi chote cha mwani. Bi Fathiya alonipa mkono wa pole ndiye mwenye godoro nje.

La utu uzima ulolifanya ni hilo? Maana hapa hakuna tena wa kunambia neno nimelifahamu vibaya.

Juzi nilianguka jikoni. Damu haikatiki, khanga nabadilisha kama mtu wa ngoma. Sina nguvu ya kutazama barabara kungoja maneno mazuri. Ukweli tu.

Mize

*

Michenzani,
Jumapili, 18 Mei 2025

Mize,

Wallahi, billahi, tallahi, ni weye. Huyo mwenza ni weye!

Ulipokataa niliona mashine haitakukubali tena kwa jina lile. Nikakumbuka hati yetu ya ndoa imeandikwa Kidawa, jina lako la chuo cha Kurani, hilo la Mize alokuita bibi. Kitambulisho unacho cha Mize, ndoa unayo ya Kidawa. Nikasema, Ubwa, hii ndio faida ya kutembea duniani. Nikampa Rukaiya hati, akamsajili Kidawa binti Mkubwa, nikatia namba ya simu yangu mwenyewe, ujumbe ukanijia mie, nikajibu moja. Nikajikubali. Nikatoka pale nimevimba kifua kama mgeni rasmi.

Kwa hivyo mbele ya serikali mie nna wake wawili, Kidawa kakubali na Mize kakataa, na nyote mnalala kitanda kimoja na mnanuna kwa zamu.

Hapo ungecheka. Sasa lisilochekesha. Nilipeleka kadi hospitali juzi. Bwana wa dirishani akatazama jalada lako, limeandikwa Mize kwa kitambulisho. Kadi inasema Kidawa. "Huyu si huyu." Nikamwambia huyu ndiye huyu, mie ndiye mume, nani anajua zaidi? Akanambia, "Mzee, wako walokuja kupasuliwa kwa kadi za marafiki zao." Nimeitwa mwizi, Mize, kwa mke wangu mwenyewe. Daktari kakushikia Jumanne ya tarehe ishirini na saba, kwa sharti kadi iwe imeshanyooka. Kasema damu ilokutoka nyingi, usizidi hapo.

Nikenda ofisini kwao. Safari hii nimeingia. Wakanambia dawa ni ndogo: mwondoe Kidawa, nafasi itafunguka, Mize ajibu moja. Nikarudi kwa Rukaiya tumwondoe. Mashine ikauliza sababu. Imeweka mbili tu, uchague. TALAKA. KIFO.

Hakuna "nilikosea". Tuliitafuta hata chini kabisa. Nikarudi ofisini, bwana wa pamba akanambia sababu nyengine zitaongezwa "katika toleo lijalo". Nikamuuliza toleo hilo litakuja kabla ya jeneza au baada?

Unanijua, mie nafanya mzaha na kila kitu. Nimefanya mzaha na polisi, na dhoruba, na mama yako. Lakini talaka haina mzaha. Kidawa ndilo jina nilokuolea. Nilimuuliza sheikh wetu, akasema, "Ukiandika bila ya nia, wanavyuoni wana mjadala. Na weye, Ubwa, hutaki kulala kitanda kimoja na mjadala." Na hiyo ya pili, mtu anaingia kisuni wiki ijayo, nimwandike mimi maiti kwa kidole changu? Kidole kimekataa. Rukaiya naye kasema yeye hashiki roho ya mtu, kafunga duka kaenda kwao Mtoni.

Sijui nifanye nini. Hilo neno kama ulishawahi kulisikia kwangu, nambie lini.

Ubwa

*

Jambiani,
Jumanne, 20 Mei 2025

Baba Ummy,

Kwanza, kidole hicho kilikuwa umbali gani na hiyo TALAKA ya juu? Maana umeiandika ya kwanza. Apa tena, na safari hii uape kwa uzima wa Ummy, kwamba hukuigusa hata kwa kujaribu kama inafanya kazi. Mie nakujua, weye huwezi kupita kengele ya mtu bila kuibonyeza.

Nimekaa na mambo haya siku nzima. Nimekutilia shaka kwa neno, nikaja kukutilia shaka kwa jina, na leo ningali nakutilia shaka kidogo kwa mazoea. Lakini hiyo barua ya mwisho haina Hamburg hata moja. Ndiyo ilonifanya niamini.

Bonyeza KIFO.

Usitetemeke. Siku yangu ya kufa imeshaandikwa na Alotuandikia sote, na Izraili hapokei kazi kutoka duka la fotokopi. Nikifa nitakufa mkeo. Lakini hiyo nyengine ukiibonyeza, hata kwa kukosea, nikifa mezani pale nitakufa sijui mie ni nani wako, na nikiishi nitaishi na mjadala. Hapana. Nifishe.

Mama nimemwambia. Kalia, kisha kasema nikuulize kama mashine hiyo inataka na sanda.

Ijumaa Mmanga atanileta. Kaahidi kutoa barafu na pweza mbele, nikae mie na mama. Nikifika nataka nikute limeshakwisha, usinifanye niangalie.

Mize

*

Hospitali, kwenye benchi la nje,
Jumanne, 27 Mei 2025

Mize wangu,

Muuguzi kaniahidi kuitia karatasi hii chini ya mto wako. Mlango umefungwa tangu asubuhi. Wanatoka watu, wananipita. Mmoja katoka kwa mbio na kurudi kwa mbio, nikamuuliza, "Dada, vipi?" Akanijibu, "Tunaendelea." Sote tunaendelea. Na marehemu nao wanaendelea.

Ulipofika ulijibu moja, kadi ya Mize ikawa hai, lakini habari ya kile kidole hukutaka kuisikia, basi soma. Rukaiya alirudi akanifungulia mashine, akatoka nje akanigeuzia mgongo. Nikasoma Bismillahi, nikabonyeza. Mtandao ule ule, kwa kila la kheri unazunguka mpaka mtu anaota mvi, kwa kifo ulikwenda kama umeme. "Tunakupa pole kwa msiba. Mwenza wako ameondolewa." Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto alopotea sokoni. Watu wa chini wakanijia wananishika mkono, mmoja kateremsha mkeka. Nikawaambia jamani, ni mtandao tu. Wakanipa pole zaidi.

Damu nimetoa. Walitaka chupa, nikawaambia chukueni mbili, damu hii imezunguka dunia. Wakasema moja inatosha na ninywe maji. Kwa hivyo ukiamka unajidai jidai ujue sababu.

Kulikuwa na jengine la kuchekesha nilitaka kukuandikia hapa. Limenipotea. Mama yako kaketi pembeni yangu na tasbihi, na ananishika mkono, yeye! Nimeona bora nikuandikie kuliko kuendelea kutazama kidole hiki. Sikukusudia hata herufi moja. Alosikia na alojua nia yangu ni Mmoja, na huyo nnamwomba tangu alfajiri kwa Kiswahili chetu, maana Kiarabu changu ni cha kununulia vipuri.

Amka, Mize. Amka unitilie shaka.

Ubwa

*

Hospitali, wodi ya wanawake,
Alkhamisi, 29 Mei 2025

Baba Ummy,

Nimeamka tangu jana, ila mkono ulikuwa na sindano. Uvimbe umetoka, na kizazi wamekitoa pamoja nao. Nililia kidogo kwa hicho, kisha nikalala. Daktari kanambia ningechelewa kidogo tu asingekuwa na wa kumpasua. Ummy kaja, katukasirikia sote wawili kwa kumficha, na kashika simu ya mama, hataki niiguse.

Barua yako nimeisoma. Jirani yangu wa kitanda cha pili kaniuliza kwa nini nacheka na nyuzi tumboni, nikamwambia nasoma habari za msiba wangu.

Sasa kuna jambo nimelala nalo chali hapa, nikalipindua kila upande. Ulomuoa, kwa hati na mashahidi, ni Kidawa. Kidawa umemwandika marehemu, na rambirambi umepokea. Mie niliyemo kitandani humu kitambulisho changu kinasema Mize. Mize hujapata kumuoa. Hakuna hati, hakuna mahari, hakuna alokwenda kwa mama yangu kuniposa.

Mama yuko nje na weye benchi moja. Anza naye.

Wageni wanaruhusiwa saa kumi. Njoo, nataka kukuona. Lakini kiti ukivute mbali kidogo na kitanda, na mkono wangu usiushike mbele ya wauguzi. Mie mwana wa watu.

Mize binti Mkubwa